Pikipiki Kuukuu: Jua Ugonjwa Kwanza, Ndipo Ununue Kipuri



Wenzetu wengi wa Jinja na Mbale hupata mkate wao wa kila siku juu ya pikipiki. Wako wa boda boda, wako wapeleka mizigo, wako mabwana shamba wanaopanda milima ya Bugisu kutembelea wakulima wa kahawa, na wako walinzi wanaotoka kazini usiku wa manane wakati hakuna gari. Pikipiki ikilala, mfanyakazi naye amelala. Ikiwa ni ya kukodi, mwenye mali hudai fedha yake ya siku hata kama chombo kimeegeshwa karakana. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza katika kurasa hizi jinsi ya kutafuta ubovu wa pikipiki ya zamani, na jinsi ya kupata kipuri kinachofaa bila kupoteza fedha.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa natoka Jinja kwenda Mbale, safari ya zaidi ya kilomita 140. Nilipopita Namutumba injini ilizimika. Nikapumzika kidogo, ikawaka. Karibu na daraja la Mto Mpologoma ikazimika tena. Nilifika Mbale usiku. Kesho yake fundi mmoja aliniambia koili imekufa, nikanunua koili. Ubovu ukabaki. Akasema kabureta imechoka, nikanunua kabureta. Ubovu ukabaki. Ndipo mzee mmoja, aliyepata kuwa fundi wa reli, akafungua kifuniko cha tangi la petroli. Tukasikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka papo hapo. Kitundu cha kupitisha hewa kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na matope. Petroli haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii juu yake. Mzee akaniambia, "Mwanangu, usinunue kitu kabla hujajua kilichokufa." Nilikuwa nimetumia mapato ya majuma mawili kwa tundu linalosafishwa kwa sindano.

Maneno ya mzee huyo ndiyo msingi wa makala haya.

1. Kwa nini pikipiki za zamani bado zinafaa

Chukua mfano wa Honda CG125, ambayo wengi wetu tunaijua. Ilianza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mzigo mkubwa, hupita vumbi na matope, na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Watengenezaji waliacha mtindo wa cheni ndefu inayopanda hadi juu ya injini, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, ambavyo huvumilia zaidi. Cheni ya nyuma wakaifunika yote ili isile mchanga.

Injini hiyo iliigwa sana nchini China. Ukiona maandishi 156FMI kwenye injini ya pikipiki ya Kichina, hao ni ndugu wa CG125. Namba 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki, na I ni ukubwa wa injini wa sentimita za ujazo 125. Kwa sababu hiyo, vipuri vingi vya injini ya zamani bado hupatikana, hata kama kiwanda cha kwanza kiliacha kuitengeneza. Lakini kufanana si kuwa sawa. Tutalieleza hilo baadaye.

2. Mambo matatu ya kuangalia injini isipowaka

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Angalia kwa utaratibu huo. Usirukeruke.

Kwanza, petroli. Fungua kifuniko cha tangi usikilize hewa. Kisha fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na kukinga kwa chupa. Petroli ikitoka kwa nguvu, njia ni safi. Ikidondoka tone tone, koki au chujio limeziba. Ukiona matone ya maji yametulia chini ya chupa, mwaga petroli yote. Jeti za kabureta zisafishwe kwa hewa ya pampu, wala si kwa waya, maana waya hupanua tundu na pikipiki itakunywa petroli siku zote.

Pili, cheche. Fungua plagi utazame rangi yake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi na kavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Safisha chujio la hewa. Nyeusi na yenye mafuta ni oili inayopanda ndani ya silinda. Nyeupe ni joto kupita kiasi, na huenda hewa inaingia mahali isipotakiwa. Irudishe plagi kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini, upige kiki. Petroli iliyomwagika ifutwe kwanza, na plagi iwe mbali na tundu lake. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Nyekundu na dhaifu haifai. Nafasi ya ncha za plagi ya CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kwa zile za zamani zenye pointi, ambazo mafundi wengine huziita platini, nafasi ni milimita 0.3 hadi 0.4. Pointi chafu au zilizoungua huua cheche, na wengi hununua koili bure kwa kutozitazama.

Tatu, mgandamizo. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba upige kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, mgandamizo upo. Kikikaa bila taabu, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda na kujaribu tena. Nguvu ikiongezeka, ringi au silinda imekwisha. Isipoongezeka, ubovu uko kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Lakini kabla ya kufungua kichwa pima nafasi ya tapeti, injini ikiwa baridi. Kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Tapeti iliyokazwa mno huizuia valvu kufunga, na injini nzima huonekana imekufa kumbe inahitaji spana moja na dakika 10.

Neno moja kwa wenzetu wa Mbale. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, watu walipoteza maisha, na vyombo vingi vililala majini. Pikipiki iliyozama isipigwe kiki. Maji hayagandamiziki kama hewa, na yaweza kupinda fimbo ya pistoni. Toa plagi kwanza, zungusha injini polepole maji yatoke, kausha kabureta na chujio, mwaga oili yote. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Tia mpya, endesha kidogo, kisha ubadilishe tena. CG125 huchukua yapata lita 0.9 tu. Gharama hiyo ni ndogo kuliko injini.

3. Nunua kwa vipimo, si kwa jina

Ukishaujua ugonjwa, usiende dukani ukasema tu, "Nipe beringi ya Honda." Nenda na kipuri cha zamani mkononi, kimefutwa vizuri, ukijua namba zake.

Beringi. Namba imepigwa ubavuni. Mathalani 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 35 na unene 11. Namba 6301 ina 12, 37 na 12. Vipimo hivi ni vya dunia nzima. Kwa hiyo duka lisilo na kipuri cha pikipiki yako laweza kuwa na beringi ileile, kwa sababu hutumika pia kwenye mota za umeme na mashine nyinginezo. Katika mji wa viwanda kama Jinja jambo hili ni msaada mkubwa. Herufi 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili, nayo hufaa kwa magurudumu yanayopita matope.

Sili za oili. Nazo zina namba tatu: tundu, upana wa nje na unene. Andika zote tatu.

Cheni. Iliyoandikwa 428 ina nusu inchi kutoka pini hadi pini. Namba 520 ni kubwa zaidi, haitakaa kwenye sproketi ya 428. Hesabu pia viungo vyake. Cheni mpya juu ya sproketi zilizochongoka kama meno ya papa huisha upesi, hivyo badilisha vyote pamoja.

Plagi. Katika D8EA ya NGK, D ni skrubu ya milimita 12, 8 ni kiasi cha kupoza, na E ni urefu wa skrubu wa milimita 19. Plagi ndefu kuliko inavyotakiwa yaweza kugonga pistoni.

Pistoni. Tazama juu yake. Ikiandikwa 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, silinda ilikwisha kuchongwa, na pistoni ya kawaida itacheza ndani yake. Fundi mchongaji apewe pistoni mpya kwanza, ndipo achonge silinda kuifuata.

Umeme. CG125 za kwanza zilikuwa za volti 6, za baadaye volti 12. Balbu ya volti 6 kwenye pikipiki ya volti 12 huungua mara moja. Balbu ya volti 12 kwenye ile ya volti 6 hutoa mwanga wa kibatari.

Hapa ndipo unapoonekana ubaya wa kudhani kwamba vinavyofanana ni sawa. Gasketi ya nakala ya Kichina yaweza kuingia, lakini tundu moja la oili likawa limezibwa. Iweke ya zamani juu ya mpya, uzielekeze kwenye mwanga, na utazame kila tundu.

4. Jinja na Mbale si hali moja

Kutoka Jinja hadi Kampala ni yapata kilomita 80. Kipuri kisichopatikana mjini chaweza kuagizwa asubuhi kikafika jioni. Kutoka Mbale ni zaidi ya kilomita 200, ingawa mpaka wa Kenya uko karibu na bidhaa za Nairobi hupitia Malaba na Busia. Busia, kwa njia, ndiko jina la boda boda linakohusishwa, kutokana na baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo mwanachama wa Jinja anaweza kununua anapohitaji, bali wa Mbale na wa milimani yafaa awe na akiba: plagi moja, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, na pointi kama pikipiki yake bado inazitumia.

Unapomwagiza dereva wa gari la abiria, mpe kipuri chenyewe au karatasi yenye namba na vipimo. Maneno ya mdomo hupotea njiani.

5. Usalama hauna akiba

Vipo vitu ambavyo havinunuliwi vikiwa vimetumika: viatu vya breki, kebo ya breki na tairi. Tena, viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho kifungwe na kutupwa. Usivute petroli kwa mdomo. Hayo ni mambo ya afya ya mfanyakazi, sawa na kofia ya chuma kichwani.

6. Matawi yafanye nini

Mtu mmoja hawezi kununua vyombo vyote. Watu 20 wa stendi moja wanaweza. Twapendekeza kila tawi liwe na sanduku moja la pamoja lenye spana ya plagi. Fila, yaani vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Kipimo cha vania cha kupimia beringi na sili. Na kivutio cha gurudumu la sumaku, ili lisigongwe kwa nyundo. Pamoja navyo kiwepo daftari: aina ya pikipiki, ubovu ulioonekana, kipuri kilichowekwa, namba zake na bei. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mali kubwa kuliko sanduku lenyewe.

Na tukubaliane na mafundi wetu, ambao nao ni wafanyakazi wenzetu, juu ya mambo matatu: bei itajwe kabla ya kazi, kipuri cha zamani kirudishwe mikononi mwa mwenye pikipiki, na risiti iandikwe. Fundi mwaminifu hatachukia. Masharti hayo humlinda yeye pia dhidi ya lawama zisizo zake.

Kabla ya kutoa fedha, basi, jiulize: nimeangalia petroli? Nimeangalia cheche? Nimeangalia mgandamizo? Nina kipuri cha zamani mkononi? Mwenye kujibu ndiyo mara nne hatarudi nyumbani na kabureta mpya kwa sababu ya tundu lililoziba.

Umoja ni nguvu.