Nyapara Akikataa Kuondoka: Siri ya Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Ukitembea Kitengela ni nadra upite mtaa usio na nyumba inayojengwa. Kila mahali ni mchanga, kokoto na mawe. Waashi ni wengi, lakini kazi humtegemea nyapara, yule anayeisoma ramani na kuamua nani afanye nini, na lini. Nyumba ikikamilika, nyapara huondoka. Akibaki na kuendelea kuagiza mawe, ataiharibu nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mwili wa binadamu nao una manyapara wake. Ukiwafahamu, utaelewa kwa nini mtoto aliyevimba taya hafai kukaa nyumbani kwa majuma mawili akisubiri jino ling'oke.

Ramani moja, kazi nyingi

Kila mmoja wetu alianza akiwa chembe hai moja tu, mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama. Chembe hiyo iligawanyika zikawa mbili, kisha nne, kisha nane. Kufikia mwisho wa juma la nane, viungo vyote vikuu vya kiinitete huwa vimeshaanza kujitokeza. La kushangaza ni kwamba karibu kila chembe, iwe ya jicho au ya ini, hubeba ramani ile ile yenye jeni za kuunda protini zipatazo 20,000. Je, chembe ya ini hujuaje kwamba haifai kuwa jicho?

Jibu ni protini maalum ambazo hujishikiza kwenye jeni na kuziwasha au kuzizima. Binadamu ana aina takriban 1,600 za protini hizi. Hao ndio manyapara wetu.

Mmoja wao huitwa MYC. Kazi yake ni kuziamuru chembe zikue na kugawanyika. Mwaka wa 1993 watafiti walieleza yaliyowapata panya walionyimwa jeni ya MYC: walikufa wangali tumboni wakiwa na siku kama kumi, yaani nusu ya mimba ya panya. Bila nyapara huyu hakuna mtoto anayezaliwa. Hata mtu mzima humhitaji, kwa mfano katika kutengeneza damu, lakini kwa kiasi, na kazi ikiisha huzimwa.

Kisa cha Mulago

Ni Afrika Mashariki ambako dunia ilijifunza mengi kuhusu nyapara huyu anapoasi. Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya muda mfupi alimwona mwingine kama huyo huko Jinja. Mwaka wa 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na leo tunauita limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu.

Mwaka wa 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maili zipatazo 10,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeuona uvimbe huo. Waligundua kwamba ulifuata maeneo yenye joto na mvua, kule kule kwenye malaria nyingi. Mwaka wa 1964 wanasayansi wa London waliochunguza uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda walitangaza kuona ndani yake virusi ambavyo sasa huitwa Epstein-Barr.

Fumbo la nyapara lilifumbuliwa mwaka wa 1982. Jeni ya MYC hukaa kwenye kromosomu ya 8. Kwa wagonjwa wengi wa Burkitt, kipande chenye jeni hiyo hukatika na kuunganishwa na kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili. Katika chembe hizi nyeupe, jeni ya kingamwili huwa imewashwa muda wote. Basi MYC naye huwashwa pamoja nayo, wala hazimiki. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha chembe hizo kugawanyika ovyo, na virusi huzisaidia zile zenye kasoro zisife. Hata hivyo, saratani yenyewe haiambukizi. Karibu sote tuna virusi hivyo, navyo huenezwa kwa mate, lakini ni watoto wachache sana wanaougua. Si laana, wala si kosa la mama.

Wako pia manyapara ambao hatari yao ni kutoweka. WT1 huongoza ujenzi wa figo za mtoto tumboni. Jeni yake ikiharibika, baadhi ya chembe za figo hubaki changa na huweza kugeuka saratani ya figo ya utotoni, ambayo mzazi huiona kama tumbo lililovimba.

Ufanye nini?

Huenda ukasema Kajiado ni kukavu, malaria si yetu. Kumbuka kwamba wakazi wengi wa Kitengela wametoka kwingine, na watoto wengi wamelelewa na nyanya zao Nyanza au Pwani. Kwa hiyo uwe Kitengela mjini au Oltepesi kwenye barabara ya Magadi, shika haya:

Mtoto akivimba taya, meno yakilegea kabla ya wakati, jicho likitokeza, au tumbo likivimba upesi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usikubali ang'olewe jino kisha mambo yaishie hapo. Uliza kama kipande cha uvimbe kitapimwa. Saratani za watoto hutibiwa katika hospitali kama Kenyatta mjini Nairobi na ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Na usikate tamaa. Dawa za saratani hushambulia zaidi chembe zinazogawanyika kwa kasi, ndiyo maana uvimbe wa Burkitt huyeyuka upesi ukipata dawa hizo. Watoto wengi hupona kabisa wakifika mapema na kumaliza matibabu. Kosa ni kuacha dawa kwa sababu uvimbe umetoweka machoni.

Anayekwenda maeneo ya malaria naye alale ndani ya chandarua chenye dawa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, mzazi, huwa ukuta kwa siku chache tu.