Windows Haina Kosa, Pima Diski Kwanza

Swali ni lile lile kila wiki: "Fundi, ni Windows ipi isiyogoma kwenye laptopu ya zamani?" Anayeuliza ameshapiga Windows 10 ikaganda katikati. Amebadilisha flashi, amepakua nakala nyingine, amerudi hadi Windows 7, na bado inaganda. Sasa anatafuta toleo jingine. Lakini mashine hiyo imetumia Windows 10 kwa miaka bila shida, na leo inaikataa Windows 10 hiyo hiyo. Programu haikubadilika. Kilichochoka ni kifaa, na kwenye laptopu kuukuu yenye diski ya kuzunguka, cha kwanza kushukiwa ni diski yenyewe.

Hapo ndipo linapotolewa agizo ninalolisikia kila kona, kuanzia mabwenini hadi Kariakoo: "Ifomati yote, sekta mbovu zitaondoka." Haziondoki. Nimeona watu wengi wakipoteza kazi zao kwa imani hii, kwa hiyo nitaieleza hadi mwisho.

Ndani ya diski hiyo kuna visahani vyenye utando wa sumaku, na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake karibu sana bila kugusa. Laptopu ikidondoka au kutikiswa vibaya ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuuchubua utando. Palipochubuka hapasomeki tena, na hakuna amri ya kompyuta inayoweza kuurudisha utando mahali pake. Kitufe cha kufomati unachokiona wakati wa kupiga Windows hufanya fomati ya haraka: huandika jedwali jipya la faili na kuacha sehemu kubwa ya diski bila kuigusa. Fomati kamili, tangu enzi ya Windows Vista, huandika sifuri diski nzima. Inachukua saa nyingi, lakini nayo haioteshi utando. Na ile inayosifiwa kuwa fomati ya ngazi ya chini, kwa diski za leo hufanyika kiwandani tu. Programu zinazojiita hivyo huandika sifuri zile zile. Kufomati diski iliyochubuka ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa.

Wapo watakaosema, "Mbona mimi nilifomati ikakubali?" Ni kweli ilikubali, na sababu inajulikana. Kila diski hutoka kiwandani ikiwa na sekta za akiba. Sekta inaposhindwa kusomeka, diski huiweka kwenye orodha ya zinazosubiri uamuzi. Ukija kuandika juu yake, diski huijaribu, na ikiona pameharibika kweli hulihamishia jukumu lake kwenye sekta ya akiba. Ndiyo maana Windows inaingia, mteja analipa, na baada ya muda mfupi anarudi na tatizo lile lile. Uharibifu ulikuwa unaendelea kuenea huku akiba ikipungua. Na kila mara alipopiga Windows upya, aliandika gigabaiti nyingi juu ya mahali zilipokuwa picha, tasnifu na hesabu za duka. Kilichoandikwa juu yake hakirudi, hata kwa mtaalamu wa kuokoa data.

Basi pima kabla ya kupiga. Kama Windows bado inawaka, tumia CrystalDiskInfo. Kama haiwaki, anzisha mashine kwa flashi ya Linux Mint bila kusakinisha chochote, ufungue programu ya Disks. Usiridhike na neno la jumla linalosema diski ni nzima. Tazama namba tatu: 05 (sekta zilizokwisha kuhamishwa), C5 (zinazosubiri) na C6 (zilizoshindikana kabisa). Kwenye programu nyingine, mbili hizi za mwisho huitwa 197 na 198. C5 au C6 ikizidi sifuri, au 05 ikiwa inapanda kila ukipima, acha kila kitu, nakili data yako kwenda diski nyingine, kisha nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5. Inakaa pale pale ilipokuwa ya zamani, na hata mashine ya miaka kumi utaiona imechangamka.

Namba zote ni sifuri? Endelea hivi. Pima RAM kwa Memtest86+ usiku kucha; kosa hata moja linatosha kuikataa. Ukiambiwa Windows haiwezi kuingia kwa sababu diski ni ya GPT, usifute chochote: zima, washa tena, na kwenye menyu ya kuchagua flashi chagua ile iliyoandikwa UEFI. Ukiambiwa ni ya MBR, chagua isiyo na UEFI. Usinakili faili za Windows kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, kwa kuwa haipokei faili inayofika GB 4. Tengeneza flashi kwa Rufus au kwa zana ya Microsoft yenyewe. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila ukiwasha, badilisha betri ndogo ya BIOS.

Kuhusu toleo: Windows 7 iliachwa Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Njia za kuruka masharti hayo zipo, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho, na tangu toleo la 24H2 mashine za Core 2 Duo hazipiti kabisa. Kama laptopu yako haifiki hapo na ina RAM ya GB 4, weka Linux Mint ya Xfce uendelee na kazi.

Ukiipeleka kwa fundi, mwambie akuonyeshe namba za diski kabla hajachomeka flashi yake. Akikataa, chukua mashine yako uende kwa mwingine.