Maji Kwanza, Mafuta Baadaye: Utunzaji wa Unyevu wa Ngozi Usiku na Msamiati Wake

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vipodozi vinavyouzwa kwa wingi katika maduka ya miji yetu ni vile vinavyodaiwa kufanya kazi mtu akiwa usingizini. Kuna krimu za usiku, seramu, na hata barakoa za kulala nazo. Ahadi yavyo ni moja: mtu alale ngozi ikiwa imepauka, aamke ikiwa nyororo. Mwanafunzi wa chuo, ambaye mfuko wake haujai, hutoa pesa alizokusudia kununulia kitabu, akapaka alichonunua wiki nzima, na mwishowe akashangaa kwamba miguu yake ingali ile ile. Wapo pia wanaonunua kilicho kibaya zaidi: dawa ya kuchubua ngozi iliyotiwa katika kopo la krimu ya usiku.

Makala haya yananuia kueleza jinsi ngozi inavyopata na kupoteza maji, jinsi tiba ya usiku inavyofanya kazi, na jinsi msomaji anavyoweza kuijaribu mwenyewe kwa gharama ndogo. Kwa kuwa jarida hili ni la wapenzi wa Kiswahili, tutayachunguza pia maneno tunayotumia. Hoja yetu ni kwamba neno *mafuta*, kama linavyotumiwa katika mazungumzo ya kila siku, limefunika kazi tatu zilizo tofauti. Asiyezitofautisha kazi hizo kwa maneno huzichanganya pia anapojipaka.

2.0 Ngozi na Maji Yake

Kiswahili si maskini wa maneno ya kueleza ukavu wa ngozi. Ngozi *hupauka* inapopoteza rangi yake na kuonyesha weupe kama wa vumbi. *Hukakamaa* inapokuwa ngumu na kubana. Visigino vinapopasuka tunasema mtu ana *magaga*. Kiganja cha mkulima kinapofanya ngozi nene huwa kimeota *sugu*. Pana pia *ukurutu* na *mba*, ambayo ni maradhi na huhitaji daktari wala si krimu ya dukani. Hata hivyo, maneno haya hutaja matokeo. Hayatuambii chanzo.

Chanzo kimo katika tabaka la nje kabisa la ngozi. Katika sehemu nyingi za mwili, tabaka hili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, yaani ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Wataalamu hulilinganisha na ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo kati yake ndiyo saruji. Ukuta huu ndio unaozuia maji yaliyomo mwilini yasipotee hewani kiholela. Hata ukiwa mzima, hupitisha maji kidogo kidogo mchana na usiku bila mtu kutokwa na jasho. Saruji inapopungua, labda kwa sababu ya sabuni kali, maji ya moto au upepo mkavu, maji hutoka kwa kasi zaidi. Kiasi cha maji katika tabaka hilo kinaposhuka chini ya takriban asilimia 10, ngozi huanza kukakamaa na kupasuka.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ngozi kavu imepungukiwa na mafuta, na kwamba dawa yake ni kuirudishia mafuta hayo. Mwaka wa 1952, mtafiti wa Marekani Irvin Blank alichapisha matokeo yaliyobadili fikra hiyo. Alichukua vipande vya sugu vilivyokauka, akavitia katika mafuta ya aina mbalimbali, na vikabaki vigumu. Vilipopata maji, vililainika. Kwa maneno mengine, kinacholainisha ngozi ni maji. Mafuta husaidia kwa njia nyingine, kama tutakavyoona.

Kwa nini basi usiku? Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Utafiti wa Gil Yosipovitch na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 1998, ulionyesha kwamba ngozi hupoteza maji mengi zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi. Sababu ya pili ni ya kawaida tu: usiku hakuna jua, vumbi wala kunawa mikono kila mara, hivyo kilichopakwa hukaa kwa saa nyingi bila kuondolewa.

3.0 Kazi Tatu Chini ya Neno Moja

Tunapomwambia mtu "jipake mafuta", hatumwambii kazi tunayotaka mafuta hayo yafanye. Vitu vinavyopakwa ili kutunza unyevu hufanya kazi tatu. Ili tuweze kuzijadili, makala haya yanapendekeza istilahi tatu zilizoundwa kwa kufuata utaratibu uliokwisha kuzoeleka katika maneno kama *kipimajoto* na *kipazasauti*.

Kundi la kwanza ni *vivutamaji*. Hivi huvuta maji na kuyashikilia katika tabaka la nje. Kinachojulikana zaidi ni gliserini, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa kwa bei nafuu. Mwingine ni asidi ya hialuroni, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka wa 1934 kutoka katika jicho la ng'ombe, na ambayo leo huuzwa katika chupa ndogo za bei ghali. Umuhimu wa gliserini si wa kubahatisha. Mwaka wa 2003, Mariko Hara na A. S. Verkman walieleza kuhusu panya waliokosa protini inayopitisha maji na gliserini katika ngozi. Ngozi ya panya hao ilikuwa kavu, na walipopewa gliserini hali hiyo ilirekebishika. Hata hivyo, kivutamaji kikiwa peke yake katika hewa kavu huweza kuvuta maji kutoka tabaka za ndani na kuyaacha yapotelee nje. Ndiyo maana gliserini isiyochanganywa na maji wala kufunikwa na chochote humwacha mtu akinata bila kulainika.

Kundi la pili ni *vizibaufa*. Hivi hujaza nafasi zilizo kati ya seli na kuufanya uso wa ngozi kuwa laini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ngozi kauli hiyo ni kweli kwa maana yake ya moja kwa moja. Mafuta mengi ya mimea huingia hapa, yakiwemo ya nazi, ya alizeti na ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda. Mafuta hayo hayalingani. Utafiti uliofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka wa 2004 uliwahusisha wagonjwa 34 wenye ngozi kavu, na ukaonyesha kwamba mafuta ya nazi yaliongeza unyevu sawa na mafuta ya madini. Kwa upande mwingine, utafiti wa Simon Danby na wenzake wa mwaka wa 2013 nchini Uingereza ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni yaliudhoofisha ukuta wa ngozi, ilhali ya alizeti hayakuudhuru.

Kundi la tatu ni *vifungamaji*. Hivi hutandaza utando juu ya ngozi ili maji yaliyomo yasitoke. Mfano mkuu ni jeli ya petroli, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza nchini Marekani mwaka wa 1872 kwa jina la Vaseline. Jina hilo la biashara limeenea kiasi kwamba wengi wetu huliita kopo lolote la jeli hiyo kwa jina hilo hilo, hata likiwa limetengenezwa na kampuni nyingine. Kifungamaji hakileti maji. Kikipakwa juu ya ngozi iliyokauka, hulazimika kungoja maji machache yanayopanda kutoka ndani. Kikipakwa juu ya ngozi yenye majimaji, huyafungia papo hapo.

Yamkini msomaji atauliza kama istilahi hizi zinahitajika, ilhali neno *kilainishi* lipo. Tatizo la neno hilo ni kwamba linataja matokeo ya makundi yote matatu, na tayari hutumiwa pia kwa mafuta ya mitambo. Istilahi ifaayo ni ile inayomwelekeza mtumiaji kwenye kazi ya kitu. Aidha, wazo lenyewe si geni kwetu. Katika utamaduni wa pwani, liwa husagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya mawaridi kabla ya kupakwa usoni. Maji yamekuwa sehemu ya urembo wa Mswahili tangu zamani. Ni soko la makopo lililotufanya tuyasahau.

4.0 Jaribio la Usiku Saba

Ili kuipima nadharia hii, mwandishi aliifanyia jaribio dogo jijini Nairobi wakati wa kiangazi cha Februari. Sehemu iliyochaguliwa ni miundi ya miguu, kwa kuwa hupauka upesi na miguu yote miwili huishi katika hali sawa. Kila usiku miguu yote ilioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Mguu wa kulia ulikaushwa kabisa, ukaachwa kwa nusu saa, kisha ukapakwa jeli ya petroli. Mguu wa kushoto ulifutwa kwa kugusishwa taulo tu, ukabaki na majimaji. Mara moja ukapakwa gliserini iliyochanganywa na maji, kijiko kimoja kwa vijiko vitatu, na juu yake ikapakwa jeli ile ile kwa kiasi kile kile. Soksi nyepesi za pamba zilivaliwa ili kuyanusuru mashuka.

Kipimo kilikuwa rahisi: kupitisha ukucha taratibu juu ya ngozi kila asubuhi na kila alasiri. Ngozi kavu huacha mstari mweupe, na ngozi yenye unyevu haiachi. Asubuhi ya kwanza miguu yote ilionekana kung'aa, jambo linaloonyesha kwamba mng'ao wa asubuhi si ushahidi wa kutosha, kwani jeli yenyewe hung'aa. Tofauti ilijitokeza alasiri, ambapo mstari mweupe ulirudi kwenye mguu wa kulia. Kuanzia siku ya nne, mguu wa kushoto haukuonyesha mstari hata jioni. Mguu wa kulia ulipata nafuu, lakini kwa mwendo wa pole. Baada ya usiku saba upakaji ulisimamishwa, na katika siku ya tatu miguu yote miwili ilikuwa imeanza kupauka tena.

Jaribio la mtu mmoja haliwezi kuthibitisha kanuni, hasa pale anayepima anapojua mguu upi umepakwa nini. Hata hivyo, lina mafunzo mawili. Kwanza, jeli ilikuwa moja kwa miguu yote. Kilichotofautiana ni maji na kivutamaji kilichotangulia. Pili, hakuna tiba ya usiku mmoja. Ukuta unaovuja huhitaji kutunzwa kila siku, na anayeahidi badiliko la kudumu katika usiku mmoja anauza maneno.

Msomaji anayetaka kujaribu na azingatie tahadhari chache. Ajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili. Mwenye chunusi asipake mafuta ya nazi wala mafuta mengine mazito usoni. Asichanganye gliserini na maji ya limau, ingawa mapishi hayo yameenea, kwa sababu mabaki ya limau yakipigwa na jua huweza kuiunguza ngozi na kuiachia madoa. Ngozi yenye vidonda, usaha au mwasho usiokoma ipelekwe hospitalini.

5.0 Lugha ya Vibandiko

Kibandiko cha kopo husomwa kwa pande mbili. Upande wa mbele huahidi. Upande wa nyuma hueleza kilichomo, na kwa kawaida orodha huanza na kilicho kingi zaidi na kuteremka. Maji huandikwa kwa Kilatini, *Aqua*, na mafuta ya nazi huandikwa kwa jina la mti wake, *Cocos nucifera*. Mwenye kuyajua makundi matatu tuliyoyataja huweza kuona kama krimu ya bei ghali ina chochote kisichopatikana katika gliserini na jeli ya dukani. Mara nyingi tofauti ni manukato na kopo.

Hatari kubwa imo katika kitenzi *kung'arisha*. Kwa mnunuzi mmoja, ngozi inayong'aa ni ngozi yenye unyevu. Kwa muuzaji fulani, kung'arisha ni kuifanya ngozi kuwa nyeupe. Kitenzi kimoja kinabeba maana mbili, na katika mwanya huo hupenyezwa krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo. Steroidi kali zikitumiwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, yaani hubomoa ukuta ule ule tuliokusudia kuujenga. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka wa 2013 na kuanza kutekelezwa mwaka wa 2017, uliweka mwaka wa 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Watumiaji wa Kiswahili nao hawakungoja mikataba ili kulipa jambo hili jina. Neno *kujichubua* na lile la Tanzania, *mkorogo*, husema ukweli ambao kibandiko huuficha. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, au inayoahidi weupe pamoja na unyevu, haifai kununuliwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ngozi hulainishwa na maji, kwamba mafuta huyalinda maji hayo, na kwamba usiku ni wakati mwafaka wa kuyalinda. Utaratibu ni mfupi: maji kwanza, kivutamaji pili, na kizibaufa au kifungamaji mwisho. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya makopo yanayotangazwa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, pana kazi inayobaki. Istilahi tulizopendekeza zijadiliwe, zirekebishwe au zikataliwe kwa hoja, lakini kazi zenyewe zipewe majina. Maadamu kitenzi kimoja kinaweza kumuuzia dada zetu na kaka zetu unyevu na zebaki kwa bei moja, ufafanuzi wa maneno utabaki kuwa suala la afya pia.