Ofisi ya Bwana Mkubwa yageuka nyumba ya sanaa: Je, Bomet na Kericho zangoja nini?

Kutoka Sigor kwenda Nairobi kutazama picha na vinyago ni safari ambayo wengi wangeicheka. Watu wa Sigor, hii yetu ya Chepalungu wala si ile ya Pokot, huenda jijini kwa haja zinazojulikana: kutafuta kazi, kumpeleka mgonjwa katika hospitali kuu, kufuata karatasi za shamba, au kumjulia hali kijana aliye chuoni. Hata hivyo, yule atakayepanda matatu hadi Bomet, akashika njia ya Narok na Mai Mahiu, akamaliza shughuli zake na kubakiwa na saa moja, hatajuta akiitumia saa hiyo pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway.

Katika kona hiyo ipo nyumba ya mawe, ya ghorofa moja tu, iliyojiinamia chini ya kivuli cha jumba refu la Nyayo. Mpita njia mwenye haraka haioni. Mlangoni imeandikwa Nairobi Gallery, nayo husimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

NYUMBA ILIYOANDIKA WATU

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1913, wakati wa Mwingereza, iwe ofisi ya kushughulikia mambo ya wenyeji. Baadaye ikawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na hata leo wakazi wa zamani wa jiji huiita hivyo. Humo ndimo vilimoandikwa vizazi, ndoa na vifo, ndipo Wazungu wakaipa jina la utani ambalo kwa lugha yetu tungesema ni nyumba ya kuanguliwa, kuoana na kuagana. Tena inasemekana kuwa hapo ndipo palipokuwa mwanzo wa kuhesabu masafa ya kwenda kila pembe ya nchi. Kwa maneno mengine, mawe ya barabarani yaliyowaambia wazee wetu wako mbali kiasi gani na mji mkuu yaliwapima kutoka mlangoni pa Bwana Mkubwa.

Yafaa tukumbuke zama zenyewe. Tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kuchukua kipande popote alipokwenda, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Ofisi za namna hii zilikuwa mahali pa kuvua kofia na kungoja nje. Hata jumba la Nyayo, jirani yake mrefu, lina kumbukumbu yake chungu, kwani vyumba vya chini vya jumba hilo vilitumiwa kuwatesa wafungwa wa kisiasa katika miaka ya 1980, wakati nchi ilikuwa imekwisha kujitawala.

Basi ajabu ya nyumba hii ni kwamba haikubomolewa kwa hasira, wala haikuachwa ikaanguka kwa uzee. Ilihifadhiwa kwa sheria, na mwaka 2005 ikafunguliwa kuwa nyumba ya sanaa. Mlango ule ule ambao babu aliukaribia kwa woga, leo mjukuu anaupita akiwa amelipa kiingilio chake, na anatazamia kuonyeshwa vitu.

MTU ALIYEKUSANYA

Na vitu vyenyewe ni vipi? Hazina kubwa iliyomo ni sehemu ya mkusanyo wa Joseph Murumbi na mkewe Sheila: sanamu, vitambaa, mapambo ya wanawake, vyombo, vitabu na stempu, kutoka nchi nyingi za Afrika.

Vijana wengi hawamjui Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, baba yake akiwa Mgoa mwenye biashara na mama yake Mmaasai. Alisomeshwa Bara Hindi, akarudi, na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 akawa mmoja wa waliosema kwa niaba ya chama cha KAU wakati viongozi wake walipotiwa ndani. Alikaa ugenini miaka mingi, hasa London. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais. Cheo hicho hakukishika hata mwaka mmoja. Alijiuzulu mwaka huo huo.

Wengine wakiacha siasa hununua mashamba. Murumbi alinunua vitabu na sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi, duka na nyumba ya maonyesho ambayo mafundi wa Afrika walipata pa kuuzia kazi zao kwa heshima. Wakati ule vitu vingi vya asili vilikuwa vikipakiwa masandukuni na kupelekwa Ulaya na Marekani. Murumbi alikuwa na kila nafasi ya kuwauzia wageni mali yake kwa bei nzuri. Aliuzia Serikali ya Kenya, ili ibaki nyumbani.

Sehemu moja ya mali hiyo, pamoja na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, imo katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katika jumba ambalo zamani lilikuwa benki. Lakini nyumba yake ya Muthaiga haikuwa na bahati hiyo. Matumaini yalikuwa iwe chuo cha kuchunguza mambo ya Afrika. Badala yake iliachwa ikachakaa, kisha ikabomolewa na kiwanja kikagawanywa. Murumbi alifariki mwaka 1990, na kaburi lake liko City Park, karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto.

Hapa, msomaji, ndipo penye fundisho. Mtu ni mmoja na moyo wake ni mmoja. Penye nyumba iliyotunzwa, mali yake ipo na watoto wa shule wanaitazama. Penye nyumba iliyoachwa, hakuna cha kutazama.

NA HUKU KWETU?

Mtu wa Sigor atakapokuwa anarudi, huku Mai Mahiu ikiachwa nyuma, huenda akajiuliza: vyetu viko wapi? Sotet ya kugandishia mursik, iliyosafishwa kwa makaa ya mti, ikapambwa kwa ushanga na ngozi, si kazi ya sanaa? Na kijana anayechora ukutani mwa duka, au achongaye mbao jioni baada ya kuchuma majani chai, kazi yake itaonwa na nani mvua ikiisha kuifuta?

Majirani zetu wametutangulia. Kabarnet, nyumba aliyokaa Mkuu wa Wilaya iligeuzwa makumbusho. Kapenguria, gereza walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1993. Tabaka, huko Kisii, mawe ya kawaida yamempandisha Elkana Ong'esa hadi sanamu yake ikasimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hao wote wako umbali wa safari ya siku moja.

Atatokea mtu aseme: zahanati haina dawa, bei ya majani chai haitabiriki, nanyi mwataka picha? Swali hilo ni la haki. Lakini hakuna anayeomba jumba jipya la mamilioni. Katika nchi hii ya chai ziko ofisi na nyumba za zama za ukoloni zenye kuta imara kuliko nyingi zinazojengwa leo. Chumba kimoja chenye paa lisilovuja, kufuli, daftari la kuandika kila kitu na jina la aliyekitengeneza, na mtu anayejua kukieleza, chatosha kuanzia. Mchoraji apewe ukuta mmoja, na kazi yake ikipata mnunuzi, alipwe.

Wala hatuna haja ya kungoja ruhusa kutoka Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Serikali za kaunti zimekuwapo tangu mwaka 2013. Kwa hiyo swali halielekezwi tena kwa Bwana Mkubwa wa mbali, bali kwa diwani tunayemjua kwa jina na ambaye hutujia kuomba kura.

Kila mwaka bibi mmoja anazikwa pamoja na ujuzi wake wa ushanga, na vibuyu vyake vinagawanywa au kuvunjika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yafaa basi tuwatunze waliopo, kabla hatujalazimika kulipa nauli na kiingilio ili tuonyeshwe vyetu katika mji wa wengine.