Liuli: Meli, Dagaa na Mganda

Wajerumani waliiita Liuli, bandari ya Ziwa Nyasa, Sphinxhafen, kwa kuwa jabali la Pomonda, lililochomoza majini mbele ya ghuba, liliwakumbusha lile sanamu la Misri lenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Jina lao liliondoka nao; Pomonda lipo. Nao Wanyasa hawakungoja mgeni awaonyeshe ghuba. Upepo uitwao Mwera ukivuma kutoka kusini wakati wa kiangazi, ziwa huchafuka, na mwenye mtumbwi lazima awe na pa kujisitiri.

Mgeni alichokileta ni meli. Hermann von Wissmann ilisafirishwa vipande vipande kutoka Ujerumani kupitia mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kuingia ziwani. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa nchi kavu hapa Liuli ikifanyiwa matengenezo, meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipotokea na kuipiga mzinga. Kapteni Berndt wa Wissmann, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, alipiga makasia kwa hasira kumwendea Rhoades, kapteni wa Gwendolen na rafiki yake wa kunywa naye, kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Mizinga ikanyamaza, mji ukabaki mikononi mwa wavuvi na misheni. William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana, aliyehubiri katika mwambao huu kwa zaidi ya miaka 40, alifariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa papo hapo. Hospitali ya Mtakatifu Anne hadi leo huvuta watu wa vijiji vya mbali, na mgonjwa huja na ndugu wa kumpikia.

Maisha yenyewe yako ufukweni. Wanaume huvua dagaa usiku kwa taa. Kukicha, shughuli ni ya wanawake. Dagaa humwagwa juani, hugeuzwa kwa mkono, na mchanga ukiingia bei imeharibika, ndiyo maana mwenye kichanja humcheka anayeanika chini. Mzigo hupanda milimani kwa Wamatengo, ambao mashamba yao ya ngoro, yaani ya mashimo, hutoa mahindi na maharage. Mvuvi na mkulima hawa wamelishana tangu zamani, kabla lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay haijafupisha safari.

Ila kwangu mimi, kitu kilichotokana na bandari na vita kikawa cha wenyewe kabisa ni mganda. Vijana walioona askari wakijipanga gwaride walilichukua, wakaligeuza ngoma: safu zilizonyooka, kaptura na soksi nyeupe, vibuyu vinavyopulizwa kama tarumbeta, ngoma kubwa ikishika mwendo. Anayekosea hatua hatasahauliwa hadi msimu ujao. Wanawake wana ngoma yao, kioda, nayo haina mzaha. Kijiji kikialika kingine, mwenyeji ndiye anayepika ugali wa muhogo na samaki kwa wachezaji wote, na sifa ya mpishi husambaa ziwani sawa na ya mchezaji.