"Mabaki" au "Salio"? Istilahi za Kemia ya Maji ya Kunywa katika Makazi ya Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958. Wakaaji wake wametoka hasa Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha bombani. Maji ya Ziwa Nakivale hayanyweki yakiwa mabichi. Huhitaji kutolewa tope na kuuliwa vijidudu. Makala haya yanaeleza kemia ya kazi hiyo, kisha yanahoji iwapo istilahi tunazowapa watumiaji zinawafikishia maana.

Hatua ya kwanza ni shabu. Shabu ikitiwa majini hukusanya chembe za tope katika mabonge yanayozama na kuwa mashapo. Lakini shabu ni tindikali kwa tabia yake, na kila miligramu moja hula takribani nusu miligramu ya uwezo wa maji wa kuhimili tindikali. Uwezo huo ukiisha, pH huporomoka na mabonge hayafanyiki vizuri. Wataalamu huuita ualikali, neno ambalo wengi hulichanganya na pH yenyewe. Tofauti yake ni hii: pH hueleza hali ya maji kwa sasa, ilhali ualikali hueleza maji yatavumilia kiasi gani kabla hali hiyo haijabadilika. (Anayefuga matumbawe katika tangi la kioo sebuleni hupima ualikali huohuo mara kwa mara, kwa kuwa matumbawe huutumia kujenga mifupa yake.) Napendekeza "ustahimilivu wa maji", kwa sababu neno hilo linajieleza lenyewe.

Hatua ya pili ni klorini, na hapa ndipo pH inapoamua mengi. Klorini ikiyeyuka majini hugawanyika katika maumbo mawili: moja huua vijidudu kwa nguvu, jingine ni dhaifu mno. Katika pH ya 7.5 maumbo hayo hukaribia kulingana. Katika pH ya 8.5 lile lenye nguvu hubaki takribani sehemu moja tu katika kumi. Kwa hiyo kipimo cha miligramu 0.5 kwa lita, chenye rangi ileile ya waridi katika kichupa cha kupimia, huwa na nguvu pungufu mara tano hivi katika maji ya pili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hufungamanisha kiwango chake cha miligramu 0.5 na masharti mawili: dakika zisizopungua 30 za kusubiri, na pH iliyo chini ya 8. Ziwa lenye kina kifupi na mwani mwingi huweza kupandisha pH yake alasiri, mwani unapofyonza kaboni dioksaidi. Anayepima asubuhi pekee atapitwa na jambo hilo.

Kiasi cha klorini kinachosalia baada ya kazi ya mwanzo ndicho kinachoyalinda maji njiani na nyumbani. Katika vipeperushi vya Kiswahili dhana hii aghalabu huandikwa "mabaki ya klorini". Naliona neno hilo kuwa kosa lenye madhara. Mabaki, kwa msemaji wa kawaida, ni makombo au uchafu. Tunasema mabaki ya sumu ya wadudu katika mboga. Mama anayeambiwa kwamba majini mna mabaki ya klorini ana haki ya kuyamwaga na kwenda kuteka ziwani. "Dawa ya maji" nayo ina kasoro yake, kwani dawa hunywewa na mgonjwa. "Salio la klorini" ni bora: salio ni kitu chenye thamani, hupungua kwa kutumika, na likiisha ulinzi umekwisha.

Kupungua huko si jambo la nadharia. Utafiti uliofanywa katika kambi za wakimbizi za Sudan Kusini na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kiwango kilichozoeleka cha miligramu 0.2 hadi 0.5 bombani hakikutosha kulinda maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Watafiti walipendekeza miligramu 1.0 kwenye kituo cha kugawia. Chombo kichafu hula salio haraka, na jua vilevile. Ujumbe kuhusu chombo, basi, una uzito sawa na ujumbe kuhusu bomba. Lakini chombo chenyewe kina majina matatu: Mkongomani husema bido, Mganda jerikeni, aliyepitia Tanzania dumu. Na maji yenyewe, kwa msemaji wa Kivu, ni mayi.

Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaidhinisha matumizi yake rasmi mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina fursa ya kusanifisha istilahi za maji pamoja na wasemaji wa Kongo, ambao sasa nchi yao ni mwanachama wa Jumuiya. Neno "salio" lijaribiwe kwanza kwao, kwa kuwa wengi wao hawakulizoea katika simu kama lilivyozoeleka Tanzania. Likikataliwa, "klorini ya akiba" inaweza kushika nafasi yake. Ama pH, aliyesomeshwa kwa Kifaransa huisoma "pe-ashi" na aliyesomeshwa kwa Kiingereza "pi-eichi". Kwenye kibao cha bombani ningeiacha kabisa, na kuandika saa ambayo maji yalipimwa.