Kompyuta au PlayStation? Bao la Vijana Chini ya Mlima Kenya

Mtu wa Pwani anayekwenda Nyeri mwezi wa Julai, kitu cha kwanza kumlaki ni baridi. Huku kwetu mtu akishaswali Isha hutoka akakaa barazani, kahawa chungu ikapitishwa na bao likachezwa hata usiku ukakua. Kule penye ukungu baraza hazikaliki. Vijana wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu hujikusanya ndani ya vibanda, macho kwenye televisheni na pedi mkononi. Hilo ndilo bao lao.

Mchezo unaopendwa sana humo ni wa kandanda, uliojulikana kwa jina la FIFA tangu 1993 mpaka 2023, ulipobadilishwa jina ukawa EA Sports FC. Mashine yenyewe ni PlayStation ya kampuni ya Sony, iliyotoka mara ya kwanza huko Japani mnamo Desemba 1994. Toleo la tano lilitoka 2020.

Wapo vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi katika miji hiyo, nayo miji ina misikiti yake na Waislamu wake. Basi swali linalomfikia mzazi wa Nyeri humfikia na wa Mvita: kijana anayecheza mara mojamoja, kwa kujiburudisha tu, anunuliwe kompyuta ya michezo au PlayStation?

Tuanze na kompyuta. Hii si ile ya afisini ya kuandikia barua. Huhitaji kadi ya picha yenye nguvu, kumbukumbu kubwa na feni za kuipoza, na mara nyingi gharama yake huipita PlayStation. Umeme nao huula: ikichezwa, yaweza kufikia wati 300 au 400, hali PlayStation ya tano hutumia kama 200. Lakini sifa yake ni kubwa. Mchana hufanya kazi: mwanafunzi huandikia insha, baba akashughulikia karatasi zake za serikali. Tena kucheza na watu wa mbali kwa intaneti hakudai ada ya kila mwezi, ambayo PlayStation huidai kwa michezo mingi ya kununuliwa.

PlayStation haina kazi nyingi zaidi ya mchezo. Hata hivyo, haimsumbui mtu: huunganishwa na televisheni ya sebuleni, pedi zikawa mbili, na ndugu wawili wakakaa bega kwa bega huku wengine wakitazama na kutaniana, kama tunavyozunguka meza ya keram. Michezo yake ya sahani mtu huazimana na jirani au akaiuza akishaichoka. Mnunuzi na atahadhari: yapo matoleo yasiyo na tundu la sahani, na hayo hulazimu kupakua makumi ya gigabaiti kwa kila mchezo.

Yuko na mtu wa tatu, ambaye hahitaji kununua chochote. Tuseme kijana hucheza mara tano kwa juma, kila mchezo shilingi 20. Hizo ni shilingi 100 kwa juma, 5,200 kwa mwaka. Ikiwa mashine kuukuu inauzwa shilingi 26,000, itamchukua miaka mitano kufikisha bei hiyo kibandani.

Lakini hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Katika vibanda vingi desturi ni kwamba anayeshindwa ndiye anayelipa. Wengi huliona jambo dogo, bali masheikh wengi hulihesabu ni kamari, kwa kuwa kila mmoja huingia akiwa atapata au atakula hasara. Maisiri yamekatazwa wazi katika Suratul Maida, na shilingi 20 haiyahalalishi. Dawa yake ni nyepesi: kila mtu alipe nusu yake kabla ya kuanza.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Mchezo wa watu wawili sebuleni husimamishwa adhana ya Magharibi ikilia. Mchezo wa intaneti dhidi ya mtu wa mbali hausimami kwa kupenda kwako. Anayeondoka huhesabiwa ameshindwa. Mzazi aliyelijua hilo ataweka saa za kucheza mapema.

Kwa maoni yetu, nyumba yenye mwanafunzi na isiyo na kompyuta ianze na kompyuta ya wastani, kwani michezo mingi ya zamani haitaki mashine kubwa. Nyumba iliyonayo tayari, na yenye ndugu wa kucheza pamoja, itapata raha zaidi kwa PlayStation kuukuu ya sahani. Naye anayecheza Jumamosi kwa Jumamosi aende kibandani, alipe chake. Asingoje mashine iliyo bora kuliko zote, kwani mchagua nazi hupata koroma.